Mlio wa Mlima wa Soko

Kila asubuhi Kadogo alifanya mambo yake kwa mpangilio uleule. Aliosha uso, akavaa sweta lake la kijivu juu ya gauni, akafunga kitambaa kichwani, kisha akaenda chumba cha nyuma ambako trei za mayai zilikuwa zimepangwa tangu jana. Alizibeba hadi kwenye pikapu, akaziweka juu ya godoro kuukuu lililotandikwa nyuma, akazifunika blanketi na kukaza kamba. Akiisha kuketi nyuma ya usukani, aliipigapiga dashibodi kwa kiganja, kama marehemu baba yake alivyokuwa akifanya, na kusema kwa sauti ndogo, "Twende, Babu."

Na Babu alikohoa, akatikisika kidogo, akawaka.

Babu alikuwa pikapu ya buluu iliyopauka hadi rangi yake ikawa haitajiki. Mlango wa abiria haukuwa na kitasa. Ulifunguliwa kwa kuvuta kamba ya kiatu iliyofungwa kwa ndani. Baba aliinunua kabla ya kuoa, na Mama alipenda kusema kwamba siku ya harusi aliolewa na wawili, mume na gari lake.

Asubuhi hiyo Babu aliwaka vizuri. Walipita mtaa wa mafundi cherehani, wakapita shule, wakafika chini ya mlima wa soko, pale ambapo mji mzima hukutana kugombea njia: mikokoteni ya viazi, wapagazi wenye magunia mgongoni, malori yanayorudi nyuma bila kuangalia. Kadogo akaingiza gia ya pili, akakanyaga mafuta.

Ko. Ko-ko. Ko-ko-ko-ko.

Mlio ulitoka mbele, ndani kabisa, kama mtu anayegonga mlango wa chuma akitaka kufunguliwa haraka. Kadogo akaachia mafuta, mlio ukapungua. Akakanyaga tena, ukarudi kwa hasira. Pikapu ikasimama katikati ya mlima, na nyuma yake honi zikaanza.

"Zima, dada! Imenoki hiyo, injini inakufa!" alipiga kelele dereva wa lori.

"Zima, utaiua kabisa!" akadakia mpagazi, bila hata kuutua mzigo.

Kadogo hakupenda kutazamwa na watu, na sasa alikuwa akitazamwa na soko zima. Akaushika ufunguo.

"Usizime!"

Sauti ilitoka upande wa kibanda cha chai. Kijana mrefu alikuwa akija mbio akiwa na kikombe mkononi, amevaa ovaroli ya kahawia iliyonyooshwa kwa pasi hadi ikawa na mistari, kitu ambacho Kadogo hakuwahi kukiona kwa fundi yeyote. Alikitua kikombe juu ya boneti ya lori la jirani na kuinama dirishani kwake.

"Usizime, tafadhali. Kanyaga mafuta, lakini taratibu. Kama unakanyaga yai."

"Nimebeba mayai," alisema Kadogo, na papo hapo akatamani ardhi immeze.

"Basi unajua ninachosema."

Akafungua boneti. Kutoka mfuko wa pajani akachomoa bisibisi ndefu kuliko kiganja chake, akaigusisha ncha kwenye injini, akauweka mpini sikioni. Kisha, katikati ya honi na matusi yote yale, akafumba macho. Kupitia upenyo mwembamba chini ya boneti, Kadogo aliona kope zake tu, zimetulia kama za mtu aliyelala. Hakuwahi kumwona mtu akisikiliza kitu namna ile.

Ko-ko. Ko. Kimya.

Kijana akafumbua macho. "Imenyamaza. Imejua inatafutwa, ikajificha." Akafunga boneti kwa upole. "Fundi wako nani?"

"Alikuwa baba."

"Alikuwa?"

"Alifariki mwaka jana."

"Pole sana," alisema, na hakuongeza neno, jambo lililomfanya Kadogo amshukuru kimoyomoyo. "Sikiliza. Mtu asikufungulie injini hii kabla sijaisikia vizuri. Karakana yetu iko nyuma ya kiwanda cha mbao. Uliza Sikio."

"Nani?"

"Sikio. Jina langu la kweli hata mama yangu anaanza kulisahau." Aligeuka kuchukua chai yake. Lori lilikuwa limeshaondoka, na kikombe kinapanda mlima juu ya boneti. "Wee! Kikombe cha watu hicho!" Akatoka mbio, bisibisi mkononi.

Kadogo alicheka peke yake hadi kwenye hoteli aliyoiuzia mayai, na mpishi aliyezoea kupokea trei bila salamu ndefu akamtazama mara mbili.

*

Jioni, Mjomba alikuwa ameketi sebuleni na koti lake la suti na ndala. Alikuwa kaka mkubwa wa Mama, na tangu msiba alijiona ndiye mwenye nyumba.

"Nimesikia leo umefunga barabara," alianza, kisha akamgeukia Mama. "Dada, nilisema nini? Gari la marehemu limemaliza kazi yake. Dalali yupo, anataka kuliona. Na wewe, Kadogo, nimekutafutia nafasi kwa rafiki yangu. Mapokezi! Unakaa kwenye kiti kinachozunguka, unapokea simu, unawaambia wageni karibu. Kuna kazi rahisi kama hiyo?"

Kadogo aliganda. Yeye aliyekuwa akifanyia mazoezi maneno mawili kabla ya kuingia dukani, apokee simu za watu wasiomjua mchana kutwa! Katika pikapu hakuhitaji kuwa mtu mwingine. Alishusha trei, watu wakatingisha vichwa, akaondoka. Njia ilikuwa yake, na asubuhi ilikuwa yake.

"Unasemaje, mwanangu?" Mama aliuliza.

"Hamna kitu, Mama."

Mama alimtazama. Akamgeukia kaka yake. "Tufanye hivi. Kadogo ameniambia ana fundi wa kuiangalia. Fundi akisema injini imekufa, Jumamosi liuzwe, sitabisha. Akisema haijafa, linabaki. Na usinirudie tena na habari ya dalali."

"Fundi!" Mjomba alicheka. "Haya. Tumsubiri huyo fundi."

*

Karakana ilinuka oili na vumbi la mbao. Kadogo alimweleza Sikio kwamba Mjomba ameshapata mnunuzi. Sehemu ya pili, kwamba neno la fundi ndilo litakaloamua, ilimkwama kooni. Aliona itakuwa kama anamwomba ampendelee. Akaimeza.

Sikio aliwasha injini, akaiacha ingurume, akaizunguka na bisibisi yake huku na huko. Babu hakugonga hata kidogo.

"Labda unaniona mwongo," alisema Kadogo.

"Wewe? Hapana. Ni huyu mzee anayetuchezea." Alijifuta mikono. "Anagonga saa ngapi?"

"Asubuhi. Akiwa baridi, amebeba mzigo, kwenye mlima."

"Basi kesho asubuhi nitakuja nikiwa nimeshakunywa chai. Tutapanda wote."

Kadogo hakuupata usingizi mapema usiku ule. Alilala chali, akageuka ubavu, akarudi chali. Alikuwa akiihofia injini, lakini kulikuwa na hofu nyingine pia, isiyohusu injini, na hiyo ndiyo iliyomfanya aamke kabla ya saa yake na kubadilisha kitambaa cha kichwa mara tatu.

Sikio alikuja na ovaroli yake ya mistari ya pasi. Alivuta kamba ya kiatu kupitia dirishani, akapanda, akafunga mlango, na akaomba trei moja aipakate mapajani. "Nikiwa na kitu cha kuchunga sitasinzia," alisema.

Walikwenda kimya hadi karibu na shule.

"Hivi wewe huwa unaongea saa ngapi?" aliuliza.

"Nikiwa na la kusema."

"Na sasa hivi?"

"Hamna kitu."

"Pikapu yako inasema kuliko wewe, Bosi."

Kadogo aliuma mdomo asicheke. Kwenye mlima wa soko Babu alianza kugonga, ko-ko-ko, na Sikio akainua kidole kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Juu kabisa, mahali pa wazi, alimwambia asimame na asizime. Akafungua boneti, mlio ungali unagonga, akamwita ashuke.

"Nitazinyima moto hizi plagi, moja baada ya nyingine. Wewe niambie mlio ukibadilika." Alivuta waya wa kwanza kwa kitambaa kikavu. Injini ikachechemea. "Umebadilika?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

Alipomaliza zote, alisimama akikuna shingo. "Injini iliyonoki, ukiinyima moto pale inapouma, mlio hulegea. Huu haujajali hata kidogo."

"Kwa hiyo haijanoki?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini sasa?"

"Nimesema nimesikia kitu. Siku nikiwa na hakika, nitasema. Mimi sitamki jambo mpaka niwe na hakika." Akampa bisibisi. "Hebu sikiliza mwenyewe. Weka ncha hapa. Sio hapo, hapa."

Alimshika kifundo cha mkono kumwelekeza. Kadogo aliuweka mpini sikioni, na mara injini ikawa nyumba iliyojaa watu: mmoja anatwanga, mmoja anakimbia, mwingine anasaga taratibu bila kuchoka. Nyuma ya bega lake Sikio alikuwa amesimama, ananukia sabuni ya kufulia na chai.

"Unasikia nini?"

"Kila kitu," alisema Kadogo, na mara hii hakuwa akizungumzia injini tu.

Hotelini, mpishi alitoka mlango wa jikoni na kofia yake nyeupe, akasimama mikono kiunoni. "Haa! Leo Mayai amekuja na mume!"

Trei ilikaribia kumponyoka Kadogo. Sikio aliidaka upande mmoja. "Bado, mpishi," alisema. "Niko kwenye majaribio."

Jioni hiyo simu ya Kadogo iliita.

"Amelala?"

"Nani?"

"Babu."

"Amelala."

"Na wewe?"

"Ningekuwa nimelala ningepokea?"

"Ahaa! Kumbe unajua kujibu. Nilidhani ulimi wako unatumika Ijumaa tu."

"Fundi, unataka nini?"

"Nataka kujua kama kesho nije."

"Njoo. Babu hajapona."

"Na akipona?"

Kadogo alitazama dari. Neno lilikuja hadi mlangoni mwa meno, likasimama. "Usiku mwema, Fundi."

"Usiku mwema, Bosi."

Kesho yake alikuja, na kesho ya pili. Alimwambia jinsi alivyokuwa akitega sikio ukutani utotoni kusikiliza cherehani ya jirani hadi akajua siku ambayo sindano ni butu. Kadogo alimwambia, kwa sentensi fupifupi, jinsi baba alivyomfundisha kuendesha kwenye uwanja wa shule akiwa na yai moja juu ya dashibodi. Likianguka, darasa limekwisha. Sikio alicheka hadi akalazimika kuitua trei aliyopakata. Mlio ukaendelea, ko-ko-ko, na Kadogo akaanza kuugawanya moyo wake vipande viwili: kimoja kinaomba ugundulike upesi, kingine kinaomba uzidi kujificha.

*

Siku ya nne Sikio alisema atabaki karakana kufikiria. "Nadhani nimekipata," alisema. "Ila nipe leo."

Mchana Kadogo alichemsha mayai, akayafunga kwenye kitambaa safi. Akavaa gauni la njano la maua madogo alilolivaa kwenye harusi tu, na viatu vyeupe. Mama alimwona akipita sebuleni.

"Unakwenda kupeleka mayai na viatu hivyo?"

"Mayai machache tu, Mama."

"Naona ni machache," alisema Mama, akirudi kwenye ushonaji wake.

Alifika karakana kwa mlango wa nyuma, penye ukuta wa mabati. Alikuwa akipangusa vumbi kwenye viatu aliposikia sauti mbili upande wa pili. Mmoja alikuwa dalali. Alimtambua kwa mlio wa funguo alizozungusha kidoleni, chwi, chwi, chwi, kama alivyofanya juzi alipokuja nyumbani kuitazama pikapu.

"Niambie ukweli, fundi. Ile ya buluu, ya yule binti wa mayai. Inafaa?"

"Ile?" Sikio alicheka. "Bwana, ile injini imekwisha. Imenoki kabisa. Ukiichukua, umechukua chuma chakavu."

Kadogo alisimama vilevile, mkono kwenye kiatu. Asubuhi zote zile alikuwa amemwuliza, naye akajibu kwamba hana hakika. Kumbe hakika alikuwa nayo, akaiweka akiba ya kumpa mgeni. Lakini kilichomuuma zaidi ni kile kicheko.

Aliyaweka mayai juu ya pipa la oili mlangoni, akaondoka kwa hatua za haraka, viatu vyeupe vikiwa vimeingia tope.

Alipofika nyumbani Mjomba alikuwa ameshawasili, uso unang'aa. "Dalali amenipigia. Hataki tena. Na unajua kwa nini? Fundi wenu mwenyewe, kwa mdomo wake, amesema injini imekufa! Sasa litakwenda kwa wakata vyuma. Jumamosi asubuhi lori lao litakuja kulivuta." Akamgeukia dada yake. "Si ulisema neno la fundi?"

Mama alikuwa ametoa neno lake, na hakuwa mtu wa kulirudisha. Alimtazama binti yake tu. "Kadogo?"

"Hamna kitu, Mama."

Simu iliita giza lilipoingia. Ikaita tena. Mara ya tatu akapokea.

"Nimekuta mayai," alisema Sikio. Sauti yake haikuwa na utani.

Kadogo aliikaza simu sikioni.

"Ulikuwepo. Ulisikia. Kadogo, yale maneno—"

"Hamna kitu, Fundi."

"Nisikilize kwanza."

"Hamna kitu."

Akakata. Akakaa kitandani na gauni lake la njano, akiwa na maneno mengi kiasi kwamba hakujua aanze kulia kwa lipi.

Ijumaa aliendesha peke yake. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, trei haikuwa na wa kuipakata. Mlimani Babu aligonga kuliko siku zote. Kadogo alijikuta akikitupia jicho kibanda cha chai, kisha akajikasirikia, kisha akatupia tena. Sikio hakuwepo. Hakupiga simu asubuhi, hakupiga mchana. Mpishi aliuliza, "Mume wako wapi?" na Kadogo akashusha trei bila kumtazama. Alitaka asimwone tena maishani. Alitaka pia atokee kwenye kona ile, ile inayofuata, au basi ile nyingine.

*

Jumamosi lori la wakata vyuma lilirudi nyuma hadi uani, likiangusha chungu kimoja cha maua. Wanaume wawili waliteremka na mnyororo. Mjomba alisimama akiwaelekeza, leo akiwa na viatu vya kweli. Mama aliketi kwenye ngazi, ufunguo wa pikapu kiganjani. Kadogo alikuwa ameegemea boneti ya Babu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia asogee.

Pikipiki ilisimama getini kwa kishindo. Sikio aliruka akiwa amekumbatia kitu kizito ndani ya gunia. Ovaroli yake ilikuwa imekunjamana na kujaa kutu. Ilionekana hata pasi haijaiona.

"Subirini!" Alishika magoti akihema. "Shikamoo Mama. Shikamoo Mjomba."

"Marahaba," alisema Mama.

"Mjomba wako nani?" alisema Mjomba. "Wewe si ndiye fundi? Umeshasema injini imekufa. Umekuja kuizika?"

"Nilisema uongo."

Hata wenye mnyororo walisimama.

"Injini haijafa," alisema Sikio. "Dalali alikuja kuniuliza, nikamwambia imekufa ili akate tamaa aondoke. Sikujua atampigia mtu simu. Sikujua neno langu linapimwa huku nyumbani." Alimtazama Kadogo. "Hakuna aliyeniambia."

Kadogo alihisi uso ukimwaka. Ile sehemu ya pili aliyoimeza, kumbe ndiyo ilikuwa imewakwama wote wawili.

"Kwa hiyo uliniongopea!" Mjomba alipandisha sauti.

"Sikukuongopea wewe, Mjomba. Nilimwongopea dalali."

"Dalali ni rafiki yangu!"

"Basi nisameheni wote wawili."

"Kwa nini?" aliuliza Mama taratibu. "Mwanangu anasema wewe husemi neno mpaka uwe na hakika. Kwa nini ukaongopa?"

Sikio alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Nilitaka..." alisema. "Nilitaka pikapu ibaki."

Wote waliitazama pikapu, isipokuwa Kadogo, aliyemtazama yeye, na Mama, aliyemtazama Kadogo.

"Pikapu," alisema Mama. "Haya. Hebu tuonyeshe hiyo pikapu."

Sikio alifungua boneti. "Mjomba, njoo usikilize mwenyewe, usije ukasema nimeongopa tena." Akampa bisibisi. Mjomba aliinama na koti lake, akauweka mpini sikioni, akakunja uso kwa umakini mkubwa.

"Sisikii chochote."

"Bado hatujawasha, Mjomba."

Mkata vyuma mmoja alicheka hadi akakohoa. Sikio aliingiza nondo fupi mbele ya injini, penye duara la chuma linalozungusha mikanda. "Hii puli ina vipande viwili, na katikati yake kuna mpira unaovishikilia. Mpira umechakaa. Injini ikiwa baridi na mzigo ukiwa mzito, duara la nje linacheza na kugonga. Mlio wake unafanana sana na wa injini iliyonoki, ndiyo maana nilihangaika. Sasa sikilizeni." Akasukuma nondo.

Ko.

Kadogo aliziba mdomo kwa mkono. Ndio wenyewe.

"Juzi ulipokata simu nilijua hutaipokea tena," alisema Sikio bila kuinua kichwa, kama anayezungumza na injini. "Jana nilishinda kwenye majumba yote ya vyuma chakavu, natafuta puli ya gari la umri huu. Niliona bora nije na kitu mkononi kuliko kuja na maneno." Akafungua gunia. Puli ilikuwa imefutwa hadi inang'aa.

Mama alisimama, akakung'uta sketi. Aliwageukia wenye lori. "Baba zangu, poleni kwa usumbufu. Hapa hakuna chuma chakavu. Chungu cha maua mlichovunja nimewasamehe." Kisha kwa kaka yake, kwa sauti laini kabisa: "Fundi amesema, Kaka."

Mjomba alilivuta koti lake. "Lakini ile nafasi ya mapokezi—"

"Nenda wewe," alisema Mama. "Wewe unapenda kuzungumza."

*

Puli ilifungwa, mikanda ikakazwa, trei zikapakiwa kwa wateja waliokuwa wakisubiri tangu asubuhi. Sikio alisema ni lazima ajaribu gari kwa mzigo, mlimani, ndipo aseme kazi imekwisha. Akapanda. Akapakata trei.

Mtaa wa mafundi cherehani. Shule. Kadogo aliendesha akiwa ameushika usukani kwa nguvu. Wakafika chini ya mlima wa soko, soko la Jumamosi, limefurika. Gia ya pili. Mafuta.

Babu alipanda akinguruma kwa sauti moja, nzito, safi. Hakuna kilichogonga. Kadogo alisubiri ule mlio hadi masikio yakamuuma, na haukuja, na ukimya ule ukamtia wasiwasi kuliko kelele zote za wiki nzima. Sasa hapakuwa na cha kutafuta. Kesho asubuhi hapangekuwa na sababu ya mtu kuketi pale pembeni.

"Amepona," alisema Sikio.

"Ndiyo."

"Nilitaka kukuambia... yaani, ule uongo ulinisumbua sana."

"Hamna kitu."

Sikio alitingisha kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia. Kwenye kibanda cha chai magari yalisimama kumpisha mwenye mkokoteni. Sikio aliitua trei kitini kwa uangalifu. "Basi nishukie hapahapa. Nina deni la kikombe kwa yule mama wa chai." Akaishika kamba ya kiatu.

Mkokoteni ukapita. Njia ikafunguka. Nyuma, honi zikaanza.

"Songa, dada!"

Kadogo alifungua mdomo. "Usishuke," alisema, lakini sauti ilitoka ndogo, ikamezwa na ngurumo ya injini.

Sikio, aliyeweza kusikia puli ikicheza ndani ya soko zima, aligeuka. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kamba. "Sijasikia vizuri," alisema. "Rudia."

Kadogo akanyoosha mkono, akazima gari. Katikati ya mlima. Honi zikapanda, dereva mmoja akatoa kichwa nje, wapagazi wakageuka, na soko zima likawa linamtazama tena.

"Nimesema usishuke!" Sauti yake ilimshangaza hata yeye; mama wa chai aliinua uso kutoka kwenye birika. "Nilikuwa na mengi, nikawa nasema hamna kitu, hamna kitu! Uliposema ulitaka pikapu ibaki niliumia, maana mimi sikutaka pikapu peke yake. Nataka wewe ubaki. Nataka uje kesho na keshokutwa, Babu akiwa mzima hivihivi. Nakupenda, Sikio. Umesikia sasa?"

"Nimesikia, Bosi," alisema Sikio, akaiachia kamba na kuipakata tena trei.